Mradi wa visa vya barazani: tulipofika kabla ya Maulidi

Kazi ya kukusanya visa vinavyosimuliwa katika ukoo wetu na miongoni mwa jirani zetu wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, imefika mahali pa kuandikiwa kumbukumbu, kwa kuwa utaratibu wake umebadilika na anayejiunga nasi sasa hataweza kuufuata bila kuelezwa. Visa vyenyewe si vya masultani wala vya vita vya Shela. Ni vya mbuzi aliyepanda ghorofani siku ya arusi, vya barua iliyosomewa mtu isiyomhusu, vya safari zilizokwama njiani. Watu huvisimulia barazani baada ya sala ya isha, na kila tunapozika mzee, baadhi yake huondoka naye.

Hapo awali tulimrekodi kila mzee peke yake, chumbani, ili sauti itoke safi. Rekodi hizo tunazihifadhi na zina manufaa yake, lakini visa vyake vimekonda. Mzee akiwa peke yake na simu mbele yake hukimaliza kisa kwa sentensi chache, kwani hakuna wa kumpinga. Akiketi na wenziwe hukatizwa, hukanushwa, huchokozwa, naye hulazimika kurudi nyuma kuleta ushahidi, na katika ushahidi huo ndimo yanamotoka majina ya mitumbwi, bei za vitu na nani alikuwa amegombana na nani. Kwa hiyo sasa tunarekodi dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, dele la kahawa likiwa katikati, na tunaandika sauti zote, hata ya anayesema tu kwamba sivyo ilivyokuwa. Punda wakilia, tunawaacha walie.

Kisa kilichotufikisha kwenye uamuzi huo ni cha safari ya posa ya Siyu, katika kisiwa cha Pate. Wazee wetu waliondoka Lamu alasiri kwa mashua, wamechukua halua katika vikapu vya ukili, na walipokuwa katikati ya mkondo wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakawapwea na mashua ikakaa juu ya tope, mikoko huku na huku. Alipokisimulia peke yake, Bibi alisema, «Mai yametuwata, tukaketi,» yaani maji yametuacha, akaishia hapo. Alipokisimulia mbele ya Ami na Shangazi, kisa kilichukua sehemu kubwa ya usiku. Shangazi alitaka ielezwe wazi ni nani aliyefungua kikapu cha kwanza. Bibi alishikilia kwamba kikapu kilifunguliwa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akilia, na kwamba waliokula baadaye walikuwa watu wazima wenye kujulikana. Ami, aliyepata kuwa nahodha, hakuijali halua; yeye alitaka kujua mwezi ulikuwaje usiku ule. Bibi akakumbuka kwamba waliweza kuonana nyuso bila taa, tangu magharibi. Basi, akasema Ami, mwezi ulikuwa mpevu na maji yalikuwa ya bamvua, yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Maji ya bamvua hujaa alasiri na yakajaa tena alfajiri, na katikati yake hupwa mno, kwa hiyo aliyechelewa kuingia Mkanda jioni hana budi kungoja hadi usiku wa manane. Nahodha hakuzembea, bali waliochelewa gatini ndio waliochelewesha safari. Hapo ikabidi iulizwe ni nani aliyechelewa gatini, na kisa kikaanza upya. Kwangu mimi, mabishano hayo ndiyo kisa chenyewe, na nisingekubali kuyafuta ili kubakiza muhtasari mzuri.

Katika kuandika, maneno ya msimulizi tunayaacha kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, kama yalivyotoka kinywani mwake, na maelezo yetu tunayaweka kwa Kiswahili sanifu. Tarehe ni kazi ngumu zaidi, maana visa hivi havina miaka. Tunavipanga kwa mambo yanayotajwa ndani yake. Kisa chenye askari jela mlangoni mwa ngome ya Lamu lazima kiwe cha kabla ya 1984, mwaka ambao gereza liliondolewa humo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zinatajwa mara nyingi, na zinatusaidia sana.

Visa vya wanawake vina baraza yake. Husimuliwa ndani, wakati wa kusuka ukili au kupaka hina, na binamu yangu ndiye anayevirekodi kwa masharti yaliyowekwa na wenyewe: kila anayetajwa asomewe kilichoandikwa, na akikataa, kitoke. Baadhi vimeshatoka. Nimeulizwa kama haviwezi kubaki kwa kubadilishwa majina, na jibu langu ni hapana, kwa sababu katika mji ambao kila mtu anaijua nyumba ya mwenzake, jina likibadilishwa hakuna lililofichika. Nyumba zetu za mawe ziliingizwa pamoja na mji wa kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, nasi tunajivunia hilo. Lakini yanayosemwa ndani ya nyumba hizo yana wenyewe, na wenyewe wako hai.

Jamaa walioko Mombasa, Malindi na Jeddah wanachangia kwa sauti katika kundi letu la WhatsApp. Michango hiyo nayo inaandikwa, ikionyeshwa wazi kwamba msemaji hakuwapo barazani.

Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, unakaribia, na wengi wao watarudi nyumbani kwa ajili ya Maulidi. Nimeomba jioni moja ya siku hizo itengwe kwa kisa cha safari ya posa, mara hii pamoja na jamaa wa Siyu, ambao mpaka leo hatujawarekodi hata kidogo. Nasikia kwamba huko kisa husimuliwa kwa namna nyingine kabisa: wageni walifika kabla ya adhana ya alfajiri, wamelowa hadi magotini, na halua ilikuwa kamili, haijaguswa. Bibi ameshaambiwa, na amesema atakuwapo.