Bibi hakupanda

Leo siku ya nne na bado lile neno la bibi linanizunguka kichwani, harusi ya dada imeisha, pilau imeungua (ya yule mpishi nitayaandika siku yake), wageni wamerudi Mombasa, na mimi niko palepale kwenye ile nyumba.

Si mnajua vile nimembembeleza toka Ramadhani twende tukaione, ile ya karne ya 18 ya matajiri wa biashara, siku hizi watu wanaingia kwa tiketi. Amezaliwa Amu (Lamu), amezeekea Amu, mlango ule hajawahi kuuvuka. Jumatano akakubali. Kijana wa kutembeza watu akatupandisha akaanza: zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukuta mzima, humo ndimo vilipangwa vyombo vya kaure vya Uchina, vyumba vyembamba manake boriti za mkoko zina mwisho wa urefu wake, birika la kuogea na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Mimi napiga picha kama mtalii. Nageuka, bibi hayuko.

Nikamkuta tini, chumba cha giza karibu na mlango, ameketi kizingitini, kandambili kazivua, kiganja ukutani.

"Bibi, twende yuu ukaone, huku ni stoo tu."

"Stoo ya nani? Wangu mimi waliketi huku. Wewe nenda yuu, umesoma."

Umesoma! Alinisifu ama alinisema? Nimelirudia nikikuna nazi, nikilirudia kazini, kila nikilisema linatoka na ladha nyingine. Utumwa pwani ulifutwa kisheria 1907, mwaka huo niliukariri nikapata alama zangu, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza bibi, bibi yake yeye alikuwa nani. Yule kijana naye alisema "hapa walikaa watumishi" akapita mbio.

Tukarudi kimya mpaka karibu na gati, tumempisha punda aliyebeba mawe, nikasikia mtu anacheka ndani ya buibui.

"Lile birika liko yuu, sivyo? Mai hayapandi ngazi yenyewe. Basi wale samaki ni wetu!"

Akacheka mpaka akashika ukuta wa watu. Na mimi nikacheka, machozi yakanitoka, sijui ya nini hasa.

Jioni kaniuliza kama picha za samaki zimetoka vizuri. Sikupiga hata moja.

Halafu kaka hajarudi toka kisiwa cha Kiwayuu, simu haipatikani tangu asubuhi na upepo wa kusi leo unavuma kweli.