Katie na baiskeli ya Alex
Nimemaliza kusoma Safe Haven, riwaya ya Nicholas Sparks iliyotoka mwaka 2010, na bado moyo unanidunda. Katie amemtoroka mumewe mlevi, mpelelezi wa polisi wa Boston, akajificha Southport, North Carolina, kwa jina lisilo lake. Kilichonigusa zaidi ni baiskeli anayopewa na Alex, mgane mwenye duka, ambayo anasitasita kuipokea, kwani aliyezoea kupigwa na mtu aliyeapa kumpenda huutilia shaka hata wema wa kweli. Mapenzi yao yanakua polepole (ndivyo nipendavyo), huku msomaji akijua kwamba yule mume, ambaye kusaka watu ndiyo kazi yake, hajaacha kumtafuta. Ila siri ya jirani yake, Jo, sikuiafiki hata kidogo.