Kipa Aliyebaki Langoni

Tulishuka kituo cha Wembley Park, London, saa saba mchana, Jumapili ya tarehe 14 Mei 2023, mimi na mwanangu wa miaka tisa. Alikuwa kajifunga skafu nyekundu ya Manchester United tangu alfajiri, hata uji kaunywa nayo shingoni. Ilikuwa fainali ya Kombe la FA la wanawake, United na Chelsea, na United hawakuwahi kufika fainali hiyo. Yeye alilifuata kombe. Mimi nilimfuata Mary Earps, golikipa wa United.

Nimedaka mpira utotoni, Tanga, kwenye chandimu na kaka zangu. Mpira wa makaratasi na kamba, magoli mawe mawili. Nilikuwa na miaka kumi na moja bibi aliponifuata uwanjani katikati ya mechi. Hakunigombeza. Alinifunga khanga kiunoni, kwa utaratibu, akanishika mkono tukaondoka, nami nikigeuka geuka kutazama lango langu likiwa wazi. Sikudaka tena. Miaka mingi niliamini yale ni mambo ya bibi yangu na mtaa wetu, mpaka nilipohamia huku nikasoma kwamba mwaka 1921 Chama cha Soka cha England kilitamka kuwa mpira hauwafai wanawake, kikavikataza vilabu vyake kuwapa viwanja. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Siku niliyoyasoma hayo nilimsamehe bibi kabisa.

Mechi ilianza kwa kishindo. Hata hatujakaa vizuri, Leah Galton akatia mpira wavuni, mwanangu akarukia kitini. Kibendera kilikuwa juu, ameotea. Baada ya hapo sikumbuki sana nani alimpa nani. Nilikuwa namtazama Earps: anavyowapanga mabeki kwa mikono, anavyosogea hatua mbili mbele mpira ukiwa mbali na kurudi nyuma taratibu. Kipa hasimami bure hata mpira ukiwa upande wa pili. Hilo nilikuwa nalijua mwilini, na miguu yangu ilikuwa ikisogea chini ya kiti.

Dakika ya 68 Pernille Harder wa Chelsea, aliyetokea benchi, akapiga krosi ya chini kutoka kulia. Sam Kerr alikuwa pale karibu na lango, akamalizia. Upande wa bluu wote uliinuka. Earps hakuwa na la kufanya, mpira ule haukumwachia nafasi.

Kisha wakatangaza idadi ya watazamaji: 77,390. Hakuna mechi ya vilabu ya wanawake nchini England iliyowahi kupata watu wengi hivyo. Nikaisoma ile namba mara mbili tatu, machozi yananitoka, na mwanangu akadhani nalilia bao.

Yeye alilia filimbi ilipopulizwa. Alilia kweli, kwa kwikwi, kichwa kifuani pangu, vilevile anavyolia timu ya wanaume ikifungwa. Nilimwacha alie. Chelsea walikuwa wakinyanyua kombe lao la tatu mfululizo, na sisi tulikuwa bado tumekaa.

Usiku nikampigia kaka Tanga.

“Ngapi ngapi, dada?”

“Moja bila. Chelsea.”

“Kipa kakosea?”

“Hata kidogo.”

Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, “Unajua siku ile bibi alipokuchukua, tulikuwa hatujafungwa hata moja. Ulivyoondoka tu, wakatutia tatu.”

Miaka thelathini na kitu, hakuwahi kuniambia.