Mama Ambaye Sikumuulizia: Usiishie Kitabu cha Kwanza cha Lois Lowry

Kila ninapoombwa kupendekeza mfululizo wa riwaya za distopia kwa vijana, yaani zile hadithi za jamii za kubuni ambamo mkono wa utawala umefika hadi kwenye sahani, kitanda na ndoto za watu, najua muulizaji anatarajia nimtajie The Hunger Games, ambamo vijana hupiganishwa uwanjani hadi kufa, au kimojawapo cha vitabu vingi vilivyofuata nyayo zake baada ya mwaka 2008. Sina ugomvi na vitabu hivyo, na baadhi yake nimevisoma hadi alfajiri. Hata hivyo, mfululizo ninaoupendekeza ni wa zamani zaidi, hauna uwanja wa mapambano wala jeshi la waasi, na wengi walioanza kuusoma hawajui hata kwamba ni mfululizo. Walisoma The Giver cha mwandishi Mmarekani Lois Lowry, kilichotoka mwaka 1993, wakabishana na wenzao juu ya ukurasa wake wa mwisho, kisha wakaendelea na mambo mengine. Vitabu vitatu vilivyokifuata, yaani Gathering Blue cha mwaka 2000, Messenger cha mwaka 2004 na Son cha mwaka 2012, hawakuvigusa. Nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi.

Nianze na hicho cha kwanza, kwa kuwa bila kukielewa hakuna sababu ya kuvitafuta vingine. Jonas anakaribia kutimiza miaka 12 katika jumuiya ambayo, kwa kurasa nyingi za mwanzo, inavutia kweli. Hakuna njaa wala vita, na milango ya nyumba haina kufuli. Kila familia ina mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, ambao wazazi waliomba wakapewa. Watoto wadogo huvaa jaketi zenye vifungo mgongoni ili wajifunze kusaidiana kuvaa. Wakifika miaka 7 hupewa zenye vifungo kifuani, na wakifika 9 hupewa baiskeli. Jioni familia huketi pamoja na kila mmoja hueleza hisia alizokuwa nazo mchana, na asubuhi kila mmoja husimulia ndoto yake. Katika sherehe ya mwaka wa 12, Wazee, yaani viongozi wa jumuiya, humtangazia kila kijana kazi atakayoifanya, baada ya kumchunguza kwa muda mrefu na, lazima nikiri, kwa makini kuliko washauri wengi wa wanafunzi. Jonas anachaguliwa kuwa Mpokeaji wa Kumbukumbu, mtu pekee atakayebeba kumbukumbu zote za binadamu wa zamani ili wenzake wasisumbuliwe nazo, na mzee anayemrithisha kumbukumbu hizo ndiye mtoaji anayetajwa katika jina la kitabu.

Ustadi wa Lowry, na hapa ndipo ninapopenda kukaa, upo katika yale asiyoyasema. Soma theluthi ya kwanza ya kitabu na utafute rangi. Macho ya Jonas yanaelezwa kuwa maangavu, tofauti na ya wengi ambayo ni meusi. Nguo zinatajwa, baiskeli zinatajwa, tunda la tufaa linarushwa kutoka mkono hadi mkono, na katika kurushwa huko linabadilika kwa namna ambayo Jonas hawezi kuipa jina. Msomaji hupita juu ya maelezo hayo bila kushtuka, kwa kuwa akili yake mwenyewe imekwisha kupaka ulimwengu ule rangi alizozoea. Anapoambiwa hatimaye kwamba watu wa jumuiya ile hawaoni rangi yoyote, anagundua kuwa amekuwa akitembea ndani ya nyumba isiyo na kitu kikubwa kama hicho na hakuona pengo. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wasianze na filamu ya mwaka 2014, ingawa Jeff Bridges anaigiza vizuri kama mzee wa kumbukumbu. Filamu inafunguka ikiwa nyeusi na nyeupe, na kwa hiyo siri iliyofichwa kwa subira katika kitabu inawekwa mezani tangu dakika ya kwanza.

Ndivyo ilivyo pia kwa neno ambalo jumuiya hulitumia kwa wazee waliochoka, kwa watoto wachanga wasiokua vizuri na kwa wavunja sheria: wote hao ‘huachiliwa’. Sitasema maana yake, ingawa msomaji mwerevu ataihisi mapema kuliko Jonas. Nitasema tu kwamba katika jamii hii watoto hufundishwa kutumia maneno kwa usahihi mkubwa, na siku Jonas anapowauliza wazazi wake kama wanampenda, anachekwa kwa upole na kuelezwa kwamba ametumia neno pana mno, lililokwisha kupoteza maana. Angeweza kuuliza kama wanafurahia kuwa naye, au kama wanajivunia mafanikio yake. Ni ukurasa mmoja tu, hakuna anayempiga wala kumfungia chumbani, na bado sijasoma tukio la kikatili zaidi katika riwaya ya vijana.

Lowry, aliyezaliwa mwaka 1937 huko Hawaii, amewahi kueleza mahali ambapo hadithi hii ilichipukia. Baba yake alikuwa katika jeshi la Marekani, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia familia iliishi Tokyo, ndani ya mtaa uliozungushiwa uzio na kujengwa ufanane na mji wa Kimarekani. Yeye, akiwa msichana wa umri karibu na wa Jonas, alikuwa akipanda baiskeli na kutoka nje ya lango ili aone maisha ya Shibuya, eneo la Tokyo lenye harufu, kelele na rangi. Miaka mingi baadaye alimtembelea baba yake mzee aliyekuwa akipoteza kumbukumbu, akamkuta ameitazama picha ya binti yake mkubwa, aliyefariki akiwa kijana, bila kukumbuka yaliyompata. Ukiyajua hayo unaelewa kwa nini kitabu hiki hakimdharau mtu anayetamani kusahau. Kinaijua faraja ya kusahau, na ndiyo sababu kinatisha. Kilipata Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1994, na katika miaka hiyohiyo ya 1990 kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa sana na wazazi katika shule na maktaba za Marekani.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Mapema katika kitabu hicho, Lily, mdogo wake Jonas, anasema angependa akikua apangiwe kazi ya kuzaa watoto. Mama yao anamkemea: kazi hiyo haina heshima kubwa. Wasichana hao huzaa mara tatu katika miaka mitatu, hula vizuri, hupumzika, kisha hupelekwa kufanya kazi ngumu za mikono hadi wazeeke. Baada ya hapo mazungumzo yanahamia kwingine, nami nilihama nayo. Baba yao, ambaye kazi yake ni kulea watoto wachanga, anamleta nyumbani Gabriel, mtoto asiyelala usiku ambaye uzito wake haupandi kama inavyotakiwa. Nilimhurumia Gabriel na nilimwogopea, hata nikafungua kurasa za mbele kwa wizi ili nijue hatima yake. Lakini katika kitabu kizima sikuuliza hata mara moja: mama yake ni nani, na yuko wapi? Nilikuwa nimekasirishwa na jumuiya iliyomfuta mwanamke huyo, na wakati huohuo nilikuwa nimemfuta mwenyewe.

Swali hilo linajibiwa katika kitabu cha nne, ila njia ya kulifikia inapita katika vitabu viwili vya kati, na hapo ndipo wasomaji wengi hukata tamaa. Gathering Blue kinaanza kana kwamba ni hadithi nyingine kabisa. Kira, msichana mwenye mguu uliopinda, amefiwa na mama yake katika kijiji kikali kisichojua mashine yoyote, ambako mlemavu asiye na mtu wa kumtetea hupelekwa porini akafe. Anaokolewa kwa sababu mikono yake ina karama ya kudarizi, naye anapewa jukumu la kulikarabati joho ambalo mwimbaji wa kijiji hulivaa kila mwaka anapoimba historia ya maangamizi ya binadamu. Jina la mtu katika kijiji hicho hurefuka kadiri anavyozeeka, silabi moja utotoni, mbili ujanani, hadi nne uzeeni, na utani huo mdogo wa mwandishi hunifurahisha kila mara. Kinakwenda polepole. Yako maelezo marefu ya mimea ya kutengenezea rangi, na rangi moja tu haipatikani kijijini, ile ya bluu. Baada ya kitabu kilichotufanya tusione kwamba rangi hazipo, hiki kinatuketisha chini na kutuonyesha kazi ya kuipata kila moja. Watakaokiona kinachosha nawaelewa, lakini siwaungi mkono.

Messenger ni kifupi na, kwa maoni yangu, ndicho dhaifu zaidi. Matty, kijana tuliyemjua akiwa mtoto mtundu katika Gathering Blue, anaishi sasa katika kijiji kinachopokea kila mkimbizi, hadi wakaazi wake, ambao wengi walipokewa hapohapo wakiwa na majeraha na njaa, wanapoanza kudai mpaka ufungwe. Kisa hicho kinauma hasa kwa sababu Lowry anatuonyesha watu wema wakibadilika kidogokidogo, kila mmoja kwa tamaa ndogo inayoeleweka. Tatizo ni kwamba mabadiliko hayo yanapewa chanzo katika mfanyabiashara wa ajabu anayenunua sehemu bora ya nafsi za watu. Katika The Giver hakukuwa na mwovu wa kumnyooshea kidole, na hilo ndilo lililokuwa jambo la kutisha. Kumleta mtu wa aina hiyo ni kutupunguzia mzigo ambao tulipaswa kuubeba. Aidha, karama zenye nguvu za kimiujiza zinakua kutoka kitabu hadi kitabu, na msomaji anayependa distopia inayoeleweka kwa hesabu za kisayansi pekee ajiandae kuvumilia.

Kisha kinakuja Son, na hadithi inarudi pale ilipoanzia, katika jumuiya ileile na wakati uleule, ila tunaingia kwa mlango wa nyuma. Claire ana miaka 14. Katika ukurasa wa kwanza anafungwa kinyago cha ngozi kisicho na matundu ya macho ili asimwone mtoto atakayemzaa. Katika lugha sahihi ya jumuiya yeye si mama, ni chombo, na mtoto ni zao lenye namba. Uzazi unakwenda vibaya, anapasuliwa, na kwa kuwa hafai tena kwa kazi hiyo anahamishiwa kwenye kituo cha kutotolesha samaki. Katika kuhamishwa huko, kwa uzembe wa kiofisi tu, hakuna anayekumbuka kumpa vidonge ambavyo wengine wote humeza ili wasihisi kitu kwa nguvu. Basi Claire, peke yake katikati ya watu watulivu, anaanza kumtamani mtoto wake. Zao lake lilikuwa namba 36. Ukirudi kwenye The Giver utaikuta namba hiyo, na utamkuta mtoto aliyekuwa nayo.

Nilipofika hapo nilikirudia kitabu cha kwanza chote, na kilikuwa kitabu kingine. Matukio yaleyale niliyoyasoma kama hadithi ya kijana jasiri sasa yalikuwa na mtu wa pili pembeni, msichana asiye na jina katika kurasa zile, ambaye kila jambo jema alilolifanya Jonas lilimwondolea kitu. Sijui mfululizo mwingine wa vijana unaoithubutu hatua hiyo, ya kumrudia shujaa wake baada ya miaka 19 na kuonyesha kwamba wema wake nao ulikuwa na aliyeulipia. Sehemu ya pili, ambamo Claire anaishi katika kijiji cha pwani chini ya jabali na kujizoeza kwa miaka ili aweze kulipanda, ni maandishi bora kabisa ya Lowry. Ya tatu inamaliza mambo kwa haraka mno, na yule mfanyabiashara anarudi, jambo ambalo ningelipenda lisitokee.

Kuhusu namna ya kuvisoma, fuata mpangilio wa miaka ya kutoka kwake. Kiingereza chake ni chepesi na sentensi ni fupi, isipokuwa mazungumzo ya watoto wa mtaa wa kimaskini katika Gathering Blue, ambayo yameandikwa kwa makusudi katika lahaja iliyopindapinda na yanahitaji kusomwa kwa sauti. The Giver kinawafaa hata walio na miaka 12, mradi awepo mtu mzima wa kuzungumza naye baada ya sura ambayo maana ya kuachiliwa inafichuka. Na kama huna nafasi ya kusoma vitabu vinne, soma The Giver na ile sehemu ya kwanza tu ya Son, ingawa ninakuonya kwamba inaishia Claire akipanda mashua, na sijakutana na mtu aliyeweza kufunga kitabu hapo.