Kitalu cha barazani Tanga: hesabu ya kusia kwa ajili ya Juni

Lengo ni nyanya zitoe maua Julai na Agosti, miezi ambayo Tanga hupoa kidogo. Joto la usiku likikaa juu ya nyuzi 24 hivi, maua mengi hupukutika bila kushika tunda, mche ukabaki kunawiri majani. Kwa hiyo tunahesabu kurudi nyuma kuanzia wiki ya kwanza ya Juni, ndipo miche inahamishiwa tutani, mvua za masika zikishalegea. Hoho hukaa kitaluni wiki 7, zimesiwa katikati ya Aprili. Bilinganya wiki 5 hadi 6, mwisho wa Aprili. Nyanya wiki 4 zinatosha, mwanzo wa Mei. Kusia kote kunaangukia mvua kubwa, ndiyo maana trei ziko barazani. Kwenye nchi za baridi huingiza mbegu ndani kukimbia theluji. Huku tunakimbia matone yanayofukua mbegu na kurusha matope kwenye majani.

Aprili, udongo. Vumbi la makumbi sehemu 2, mboji iliyochekechwa 1, pumba za mpunga zilizochomwa 1 (zitoke nyeusi, zikiwa majivu meupe hazifai). Angalia makumbi yametoka wapi. Yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na mche wake huungua ncha za majani kabla haujafika majani manne. Loweka usiku kucha kwenye maji ya bomba, kamua, mwaga, rudia mara tatu, kisha onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Visima vya karibu na bahari navyo vionjwe.

Aprili hadi Mei, trei. Nyanya kwenye matundu 128, hoho kwenye 66 kwa sababu zinakaa muda mrefu. Mbegu moja kila tundu, kina nusu sentimita, gunia bichi juu. Nyanya huchomoza siku ya 5 hadi 7. Gunia litoke siku hiyo hiyo zinapoonekana. Likichelewa, asubuhi utakuta mashina meupe, marefu, yamelala, na hayo hayarekebishiki. Trei zisogezwe ukingoni mwa baraza, upande wa jua la asubuhi.

Adui mkubwa ni kinyausi. Shina hulainika usawa wa udongo, linakuwa jembamba kama uzi, mche unaanguka ukiwa bado kijani. Huletwa na vimelea vya ukungu penye unyevu mwingi, msongamano na hewa iliyotuama. Mwagilia asubuhi tu, uso wa udongo ukishakauka, na trei zikae juu ya fito ili upepo upite chini. Mche ulioanguka hauponi kwa dawa yoyote. Ng'oa pamoja na udongo wake. Miguu ya kichanja iwe ndani ya makopo ya maji, la sivyo sisimizi watabeba mbegu za saladi zote.

Saladi yenyewe hugoma kuota joto likizidi nyuzi 30, kwa hiyo inangoja Juni.

Maua: marigoldi haina shida, wiki 4. Vinka huota gizani, ifunike vizuri. Petunia kinyume chake, inataka mwanga: changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu bila kufukia, maji yapande kutoka chini.

Bamia, mchicha na karoti haziingii kwenye trei. Zinapandwa moja kwa moja tutani.

Wiki ya mwisho ya Mei: punguza maji, toa trei nje zizoee upepo wa kusi, kwanza saa mbili kwa siku, halafu kutwa. Kuhamishia ni baada ya saa kumi jioni.