Wiki ya likizo Orlando kwa watu 11: hesabu tuliyopiga kabla ya kutia saini

Tuko 11: mimi na mume wangu, watoto watano, mama mkwe, wifi yangu na wanawe wawili. Tunaishi Texas, na mwaka ambao hatuendi Tanga, likizo ya shule ya Machi tunaimalizia Orlando, Florida. Ofa iliyoletwa mezani ilikuwa taimusheya, yaani kununua haki ya kulala wiki moja kila mwaka kwenye hoteli ya mapumziko, nyumba ya vyumba viwili, kwa dola 26,000. Hatukuinunua. Hesabu zenyewe naziweka hapa kwa sababu familia kubwa ina maswali ambayo wenye watoto wawili hawayafikii kamwe.

Kwanza vichwa na vitanda, bei baadaye. Kwenye karatasi za hoteli hizi nyumba ya vyumba viwili mara nyingi huandikwa 8/6. Namba ya kwanza ni idadi ya juu inayoruhusiwa kulala. Ya pili ni wale wanaolala kwa faragha, yaani wanaofika bafuni bila kupita kwa mwenzao aliyelala. Tofauti ya hizo mbili inalala kwenye sofa la sebuleni linalokunjuliwa kuwa kitanda. Lifungue mwenyewe wakitembeza wageni, ulalie dakika mbili. Lile tuliloonyeshwa lilikuwa na chuma kinachopita usawa wa kiuno, na mama mkwe wangu ana miaka 71. Kwa mtoto wa miaka 9 halina neno.

Usidhani watatu waliozidi watajipenyeza tu. Mapokezi wanatoa mikanda ya mkononi kulingana na idadi iliyoandikwa, na bila mkanda huingii bwawani. Watoto wachanga baadhi ya hoteli hawawahesabu, nyingine zinawahesabu, kwa hiyo uliza na ujibiwe kwa maandishi. Kwa watu 11 maana yake ni nyumba ya vyumba vitatu inayolaza 12, ambayo walituandikia dola 43,000, au nyumba mbili kwa wiki moja. Na hizo mbili hakuna anayekuahidi kuwa zitakuwa jirani. Unaweza kuzimiliki zote, ukapewa moja ghorofa ya kwanza na nyingine jengo la ng'ambo ya maegesho.

Kuna nyumba inayogawanyika: chumba kimoja kina mlango wake wa nje na jiko dogo lenye maikrowevu, kingine kina jiko kamili, na katikati kuna mlango wa kufunga. Hiyo ni nzuri kwa wifi na wanawe. Ila angalia jiko kamili lina nini. Sufuria kubwa kuliko zote tuliyoikuta kabatini ilikuwa ya lita 5 hivi. Wali wa watu 11 kwetu ni kilo moja na nusu ya mchele, na ukiuweka kwenye lita 5 unafurika kabla maji hayajakauka. Pilau yenye nyama inataka lita 10. Vinginevyo unapika mara mbili au unanunua chakula nje, na chakula cha nje kwa watu 11, siku saba, ndicho kinachokula akiba yote uliyoambiwa utaipata kwa kuwa na jiko. Nilifungua makabati yote, muuzaji akasubiri.

Sasa pesa. Dola 26,000, kianzio 2,000, zilizobaki 24,000 kwa mkopo wao wenyewe wa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10. Malipo ya mwezi yanakuja dola 387. Zidisha kwa miezi 120: dola 46,465. Ongeza kianzio, 48,465. Mezani walitaja 387 tu, tena kwa kuilinganisha na bei ya kahawa za kila siku. Kwa anayekwepa riba kwa sababu za dini, mjadala wa mkopo unaishia hapo.

Juu ya hiyo kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, na hii ndiyo niliyoikalia muda mrefu zaidi, kwa sababu mkopo una mwisho na ada haina. Ya kwetu ingeanza na dola 1,450. Niliomba ada za miaka mitano iliyopita, wakanipa baada ya kuombwa mara ya tatu, na wastani wa kupanda ulikuwa asilimia 5. Kwa mwendo huo, mwaka wa kumi ada ni dola 2,249, na jumla ya miaka 10 ni 18,238. Mkopo na ada pamoja vinafika dola 66,703, sawa na dola 6,670 kwa kila wiki tunayolala. Hata ukilipa taslimu bila mkopo, unapata 44,238, yaani 4,424 kwa wiki. Na kumbuka hiyo ni nyumba ya watu wanane. Watatu bado wako nje.

Upande wa pili wa daftari niliweka nyumba ya kupanga ya vyumba vitano, yenye bwawa lake, upande wa Kissimmee, jirani na Orlando. Dola 240 kwa usiku, mara saba ni 1,680. Usafi 190. Kodi za wilaya ya Osceola kwa malazi ya muda mfupi ni asilimia 13.5, hapo dola 252. Ada ya tovuti ya kupangisha 265, na kupasha moto bwawa dola 30 kwa siku, maana Machi maji bado ni baridi: 210. Jumla dola 2,597, watu 11 wote vitandani, mabafu manne. Wauzaji wanapenda kulinganisha bei yao na vyumba vitatu vya hoteli kwa bei ya bango. Usikubali mlinganisho huo, linganisha na kile ambacho ungekipanga kweli.

Ada ina nduguye ambaye hatajwi mpaka umuulize: mchango wa dharura. Paa likichakaa, lifti zikitakiwa kubadilishwa, kimbunga kikipita na bima isifidie yote, wamiliki wanagawana deni. Florida ni nchi ya vimbunga, na kile cha Ian mwaka 2022 kilileta mafuriko mpaka Orlando na Kissimmee, bara huko. Kwa hiyo omba vitu vitatu kwa karatasi: mfuko wa akiba wa matengenezo una kiasi gani, ni wamiliki wangapi hawajalipa ada, na michango ya dharura ya miaka 10 iliyopita. Wasiolipa wakiwa wengi, wanaolipa ndio wanaobeba pengo lao. Kijitabu cha maelezo ya mradi, ambacho sheria ya Florida inawalazimu kukupa, kina baadhi ya haya. Ni kinene makusudi, au basi mimi nakishuku hivyo.

Kisha kuna mwaka wa kwenda nyumbani. Tiketi 11 za kufika Dar es Salaam zinameza bajeti ya likizo ya miaka miwili, na mwaka huo Orlando hatukanyagi. Ada inadaiwa vilevile. Wanasema utabadilishana wiki yako na ya kwingine kupitia kampuni za kubadilishana, kubwa zikiwa RCI, iliyoanzishwa 1974, na Interval International ya 1976. Inawezekana, ila unalipa uanachama, unalipa ada ya kila badiliko, na unatakiwa kuikabidhi wiki yako mapema. Wiki za likizo za shule ndizo kila mwenye watoto anazitaka. Nyumba ya kulaza 12 kwenye mabadilishano ni adimu, kwa sababu zilizojengwa ni chache. Mwenye watoto wawili ana uhuru huo, sisi hatuna.

Kuhusu tarehe, soma kalenda ya wiki kabla ya kusoma bei. Wiki zinahesabiwa 1 mpaka 52, na namba ya wiki inategemea siku ya kuingia, Ijumaa, Jumamosi au Jumapili. Kila baada ya miaka mitano au sita inazuka wiki ya 53 na tarehe zote zinasogea. Likizo ya Machi nayo hupangwa na bodi ya shule, na wifi yangu yuko wilaya nyingine ya elimu. Nilichukua kalenda za shule zote mbili za miaka mitatu nikaziweka juu ya chati ya hoteli: wiki ya 11 iliangukia likizo zetu sote mwaka mmoja tu kati ya mitatu. Mfumo wa pointi, unaponunua pointi badala ya wiki maalumu, unalegeza hilo, lakini pointi hazikuhakikishii tarehe, zinakupa nafasi ya kugombania. Disney Vacation Club, taimusheya ya Disney, kwa mfano, inamruhusu mmiliki kuweka nafasi miezi 11 kabla katika hoteli aliyonunulia, na miezi 7 kabla katika nyingine. Anayekumbuka miezi sita kabla anakuta makombo.

Kikao cha mauzo kinaitwa cha dakika 90. Wewe tenga muda wa saa tatu na nusu. Wanataka mume na mke wote wawepo, vitambulisho na kadi ya benki, na zawadi yenu ya tiketi au kadi ya dola 150 mnaipata mwishoni. Muuzaji wa kwanza akishindwa anakuja meneja na bei ya leo tu. Mkiikataa, mlangoni kuna mtu wa tatu mwenye kifurushi kidogo cha majaribio. Huyo wa tatu ndiye hatari, kwa sababu mmeshachoka na bei yake inaonekana huruma. Tulikubaliana kabla ya kuingia kwamba hakuna saini siku hiyo, na kwamba mmoja wetu akisema "mama anatusubiri", tunainuka.

Aliyekwisha kusaini Florida ana siku 10 za kuvunja mkataba, zikihesabiwa tangu siku ya kusaini au siku ya kupokea hati ya mwisho inayotakiwa, ile inayochelewa. Ukisaini Machi 14 na hati zote ukawa nazo, mwisho ni Machi 24. Haki hiyo haiondolewi hata ukisaini karatasi inayosema umeiacha. Nevada ni siku 5, California 7, hivyo angalia mkataba wenyewe unataja siku ngapi, usifuate sheria ya unakoishi. Barua iwe fupi: majina kama yalivyo kwenye mkataba, namba ya mkataba, tarehe, jina la hoteli, sentensi moja kwamba mnavunja mkataba na mnadai pesa zenu, saini za wote waliosaini. Itume kwa anwani iliyotajwa kwenye mkataba kwa ajili ya kuvunja, kwa rejista yenye stakabadhi ya kupokelewa, na utunze muhuri wa posta, kwani tarehe ya muhuri ndiyo inayohesabika. Usipige simu: anayepokea kazi yake ni kuokoa mauzo, na siku zinakwenda. Yangu niliiandika kabla ya kikao, ikakaa kwenye mkoba bila kutumika.

Kilichotushawishi kidogo kilikuwa soko la mkono wa pili. Wiki ambazo hoteli inauza kwa makumi ya maelfu, wamiliki waliochoka wanazitoa kwa dola 1 na gharama za kuhamisha hati. Ukiona hivyo tu umeshapata jibu la anayesema taimusheya ni uwekezaji. Tulipata hati ya vyumba vitatu, ya mwaka mmoja ndiyo mmoja hapana, miaka ya witiri, na miaka ya shufwa ndiyo yetu ya Tanga. Ilikaa kama imepimwa. Lakini usinunue mbuzi kwenye gunia: kabla ya kulipa tuliomba barua ya uongozi wa hoteli inayoonyesha akaunti ya wiki hiyo ilivyo. Ikarudi na ada ambayo haijalipwa ya dola 640, na mchango wa dharura wa dola 1,900 uliokwisha kupitishwa, unaodaiwa mwaka unaofuata kutoka kwa yeyote atakayekuwa na hati. Tena mtoto wetu mkubwa anaingia chuo baada ya miaka mitatu. Hati haina miaka mitatu, ina milele. Ukifa inaingia kwenye mirathi, na warithi wasioitaka wanapaswa kuikataa kwa maandishi mapema, bila kuitumia hata usiku mmoja.

Njiani mtakutana na simu za watu wanaodai wana mnunuzi wa wiki yenu, au wanaweza kuwatoa kwenye mkataba, mradi mlipe kwanza. Tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, imeonya mara nyingi juu ya hao.

Hati ile hatukuinunua; tulichofanya ni kuipanga nyumba ileile ya vyumba vitatu kwa mwenye hati, kwa dola 1,900, wiki moja, bila hati. Mambo manne kabla pesa haijatoka: mwenyewe aweke nafasi kwanza, aandikishe cheti cha mgeni kwa jina letu, kisha sisi tupige simu hotelini kwa namba tuliyoitafuta wenyewe, si aliyotupa yeye, kuthibitisha tarehe, aina ya nyumba na kwamba ada yake imelipwa. Ikiwa anadaiwa, hoteli inaweza kufuta nafasi hata mkiwa njiani. La nne ni mkataba wa ukurasa mmoja na malipo kwa kadi ya mkopo, si kutuma pesa moja kwa moja. Tuliomba ghorofa ya chini kwa ajili ya miguu ya mama mkwe, wakaandika ni ombi, si ahadi. Sufuria ya lita 10 inapakiwa mwisho, juu ya mabegi, maana ndiyo ya kwanza kushuka.