Kuchagua kinga ya magoti kwa kazi ya useremala

Wiki ile nilikuwa nikitandika sakafu ya mbao katika vyumba vitatu, na jioni ya siku ya nne, nilipovua suruali ya kazi, niliona goti langu la kulia limetuna kwa mbele kana kwamba yai limewekwa chini ya ngozi. Halikuniuma sana, lakini lilikuwa na joto, na kila nilipojaribu kulikunja ngozi ilivutika. Daktari alilibonyeza kwa vidole viwili, akaniuliza ninafanya kazi gani, na jibu langu halikumshangaza hata kidogo. Tangu siku hiyo nimeipa kinga ya magoti uzito uleule ninaoupa uchaguzi wa msumeno au randa, na ninaandika haya kwa ajili ya maseremala wenzangu ambao bado wanapiga magoti juu ya kipande cha ubao au gunia lililokunjwa.

Kabla ya kuzungumzia pedi zenyewe, ni lazima tuelewe zinakinga kitu gani. Mbele ya pia ya goti, kati ya mfupa na ngozi, kuna kifuko chembamba chenye majimaji kidogo, ambacho huiwezesha ngozi kuteleza juu ya mfupa bila kusuguana nao. Vifuko vingine viko chini kidogo, karibu na kano inayoiunganisha pia ya goti na mfupa wa muundi. Kifuko kinapobanwa na kusuguliwa kwa saa nyingi hujaa majimaji, na huo ndio uvimbe nilioupata. Waingereza waliuita ugonjwa huu goti la mjakazi, kwa sababu ya wanawake waliosugua sakafu za nyumba za watu wakiwa wamepiga magoti. Ngozi ikiwa imechubuka, vijidudu vinaweza kuingia, na hapo uvimbe huwa mwekundu, wenye maumivu makali na pengine homa. Hali hiyo haingojwi hadi kazi iishe, bali mtu huenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatari ya pili imo ndani ya kiungo chenyewe. Goti likikunjwa hadi mwisho na uzito wa mwili ukaliegemea, gegedu (tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa) na vile vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo vilivyo kati ya paja na muundi hubeba mzigo mkubwa. Nchini Ujerumani, kuchakaa kwa kiungo cha goti kutokana na kazi ya kupiga magoti kuliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya magonjwa yanayotokana na kazi, kwa sharti kwamba mfanyakazi awe amepiga magoti, au amekaa katika mkao unaofanana na huo, kwa jumla ya saa 13,000 katika maisha yake ya kazi, na angalau saa moja katika kila zamu. Nilifanya hesabu: seremala anayepiga magoti saa mbili kwa siku, siku 220 kwa mwaka, huifikia idadi hiyo akiwa katika mwaka wake wa thelathini wa kazi. Fundi aliyeanza akiwa na miaka ishirini atafika hapo akikaribia hamsini, yaani katika umri ambao ustadi wake umekomaa kabisa.

Nasisitiza tofauti ya hatari hizi mbili kwa sababu pedi huikabili vizuri ile ya kwanza tu. Pedi husambaza uzito juu ya eneo pana zaidi na huzuia skrubu au kijiti kisichome ngozi, lakini hailipunguzii goti kule kukunjwa. Ndiyo maana siamini kwamba kununua pedi nene kuliko zote kunatosha. Mlango unaoweza kulazwa juu ya benchi usifungiwe bawaba sakafuni, na skatingi (ubao wa pembeni chini ya ukuta) ndefu inaweza kupigiliwa misumari fundi akiwa ameketi kwenye kigoda kifupi anachokisogeza hatua kwa hatua.

Sasa kuhusu kuchagua. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kwamba seremala hununua kinga aliyoiona kwa fundi wa vigae, ilhali namna zao za kupiga magoti hazifanani. Fundi wa vigae huweza kukaa chini asubuhi nzima, akisogea kidogokidogo kwenye sakafu ileile. Seremala anayefunga makabati hupiga magoti dakika mbili ili akaze skrubu za chini, husimama kupima juu, huenda kwenye msumeno, hupanda ngazi, kisha hurudi chini, na mwenendo huo hujirudia mara nyingi sana kwa siku. Kinga inayomlazimu kufunga na kufungua mikanda kila mara itaishia kutupwa pembeni kabla ya saa nne asubuhi, na atakapopiga magoti kwa ajili ya “skrubu moja tu” goti litakuwa tupu. Kwa sababu hiyo, kwa kazi nyingi za useremala, chaguo langu la kwanza ni suruali yenye mifuko ya pedi magotini, kwa kuwa kinga hiyo ipo tayari bila fundi kuikumbuka.

Hata hivyo suruali hizo zina jambo moja ambalo wengi hawalitambui, nalo ni mahali pedi inapokaa. Mtu akisimama mbele ya kioo huiona pedi imefunika goti barabara, akaridhika. Lakini anapopiga magoti, kitambaa huvutwa kuelekea pajani na pedi hupanda nacho, na sehemu ya juu ya muundi, ambayo hubeba uzito mwingi fundi anapopiga magoti akiwa wima, hubaki wazi. Kwa hiyo pedi inapaswa kuonekana imekaa chini kidogo ya goti wakati umesimama. Ijaribu suruali kwa kupiga magoti kabisa, kwanza ukiwa wima, kisha ukiinama mbele na kuegemea mikono, kwa maana ukiinama uzito husogea kuelekea pia ya goti, na pedi nzuri inakukinga katika mikao yote miwili. Mifuko yenye nafasi ya kuipandisha au kuishusha pedi ni bora kuliko ile ya kimo kimoja. Urefu na upana wa suruali navyo vina uzito: ikiwa pana mno, pedi huzunguka kuelekea upande, na ikibana sana huvuta kitambaa kila unapokunja mguu.

Kwa kazi ya sakafu, ambapo fundi hukaa chini muda mrefu, bado natumia pedi za kufungwa kwa mikanda, kwa sababu ni pana na hushika mguu bila kutegemea suruali. Chagua zenye mikanda miwili mipana inayonyumbuka, mmoja juu ya goti na mwingine chini yake, na uhakikishe kwamba hakuna mkanda unaopita katikati ya kunjo la nyuma ya goti, mahali panapopita mishipa mikubwa ya damu. Ukihisi ganzi mguuni au vidoleni, mkanda umekaza kupita kiasi, au unakandamiza neva inayopita upande wa nje chini kidogo ya goti. Ulegeze mara moja. Vifungo vya kunata huziba kwa vumbi la mbao na hupoteza nguvu, kwa hiyo napendelea vifungo vya kubana vya plastiki, ambavyo maranda hayavisumbui.

Uso wa pedi utegemee unapopigia magoti. Ganda gumu la plastiki linafaa juu ya zege, changarawe au eneo lenye misumari iliyotapakaa, lakini juu ya sakafu ya mbao iliyokwisha kupakwa vanishi huacha mikwaruzo, na juu ya boriti za paa huteleza. Huko napendelea uso wa mpira laini usioacha alama. Katika karakana, ninapounganisha fremu sakafuni mahali pamoja, mkeka mnene wa povu hunitosha.

Kuhusu kilichomo ndani, laini si sawa na bora. Povu jepesi huwa raha dukani, ila baada ya dakika chache chini ya uzito wa mwili hulala kabisa, na goti huanza kuhisi sakafu. Povu lililoshikana, ambalo vitundu vyake vimefungwa na kwa hiyo halinyonyi maji, hudumu zaidi. Jeli husambaza uzito vizuri, lakini ni nzito na huhifadhi joto. Jaribio langu ni rahisi: naweka skrubu ikiwa imelala kwenye sakafu ngumu, naifunika kwa pedi, kisha naikalia kwa goti moja kwa dakika tano nzima. Nikiihisi skrubu, pedi hiyo siichukui.

Pedi zilizopimwa rasmi kwa kawaida hutaja kiwango cha Ulaya cha EN 14404, ambacho toleo lake la kwanza ni la mwaka 2004. Kiwango hicho huzigawa kinga katika aina nne: za kufungwa mguuni, za kuingizwa kwenye suruali, mikeka isiyofungwa mwilini, na vifaa vyenye msaada wa ziada, kama vile kumsaidia mtu kuinuka. Kuna pia madaraja ya uimara. Daraja 0 ni kwa sakafu tambarare, bila kinga dhidi ya kutobolewa. Daraja 1 nayo ni kwa sakafu tambarare lakini huhimili ncha inayosukumwa kwa nguvu ya nyutoni 100. Daraja 2 ni kwa mazingira magumu na huhimili nyutoni 250, karibu sawa na uzito wa kilo 25. Seremala anayefanya kazi kwenye majengo yanayoendelea kujengwa asishuke chini ya daraja 1. Zingatia pia kwamba pedi za suruali kwa kawaida hupimwa pamoja na suruali yake, hivyo mara nyingi pedi ya kampuni moja ndani ya mfuko wa suruali ya nyingine haibebi uthibitisho huo hata kama inaingia bila shida.

Pedi hazidumu kama nyundo. Jasho na vumbi huchubua ngozi, kwa hiyo natoa pedi mfukoni kila ninapofua suruali, nazisafisha kwa maji na sabuni, na kuzianika kivulini. Siku ninapoingiza pedi mpya, naandika mwezi na mwaka nyuma yake kwa wino usiofutika. Kila baada ya miezi mitatu nailinganisha na pedi ya akiba ambayo haijatumika, kwa kuzisimamisha upande kwa upande mezani, na ile iliyopungua unene kwa kuonekana wazi naiondoa siku hiyohiyo, hata kama kitambaa chake bado ni kizima.